Vitabu vya Kutisha na Mkesha wa Watakatifu Wote

Tarehe 1 Novemba yafahamika vema na wengi miongoni mwetu. Nchini Burundi ni siku ya mapumziko. Wakatoliki huenda kanisani kuadhimisha Sikukuu ya Watakatifu Wote, na kesho yake, tarehe 2, huwaombea marehemu wao. Tusioujua sana ni usiku unaozitangulia siku hizo mbili. Huko Ireland, Scotland, Marekani na Kanada, usiku wa tarehe 31 Oktoba huitwa Halloween, yaani mkesha wa watakatifu. Watoto huvaa nyuso za bandia wakapita nyumba hadi nyumba kuomba peremende, na watu wazima nao, mwezi mzima wa Oktoba, huchagua vitabu vya kutisha wakavisoma usiku. Maduka ya vitabu huvipanga mbele, na maktaba hutoa orodha za kuwaongoza wasomaji.

Yamkini msomaji atauliza: hayo yatuhusu nini sisi walimu wa Kiswahili? Yatuhusu kwa kuwa vitabu hivyo vimekwisha kutufikia. Vimo katika masanduku ya vitabu vya msaada yanayoletwa shuleni, na wanafunzi huvipokezana chini ya madawati kwa hamu ambayo vitabu vyetu vya mtaala havijapata kuiona. Mbele ya jambo hili mwalimu huwa na njia mbili za mkato: kuvikataza vyote, au kuviachia vyote. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa kupitia historia, kwamba ipo njia ya tatu, nayo ni kuchagua. Na anayetaka kuchagua hana budi kujua kwanza woga uliomo kitabuni ulitoka wapi.

Tuanze na mkesha wenyewe. Watu wa kale wa Ireland walikuwa na sikukuu iliyoitwa Samhain, iliyofunga majira ya mavuno na kufungua majira ya baridi na giza. Iliaminika kwamba usiku huo mlango baina ya walio hai na waliokufa hulegea. Kanisa nalo liliiweka Sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, na desturi hiyo ilikuwa imekwisha kuenea Ulaya Magharibi katika karne ya 9. Mwishoni mwa karne ya 10, Odilo, abati wa monasteri ya Cluny nchini Ufaransa, aliagiza watawa wake wawaombee marehemu wote siku inayofuata. Hivyo basi, siku hizi zilikuwa siku za wafu tangu zamani. Mchezo ulifuata baadaye.

Halloween ilivuka bahari kwa sababu ya msiba. Kuanzia mwaka 1845 hadi 1852 viazi vilioza mashambani mwa Ireland, na njaa ikaua watu wapatao milioni moja. Wengine zaidi ya milioni moja waliihama nchi, wengi wao wakaelekea Marekani. Walichukua mkesha wao pamoja nao. Kwao walizoea kuchonga nyuso za kutisha katika mizizi minene ya mboga na kutia mwanga ndani yake. Marekani walikuta maboga, makubwa na mepesi kuchongwa, na ndiyo maana leo boga limekuwa alama ya sikukuu hiyo. Anayelicheka boga lile na akumbuke kwamba walioileta desturi hiyo walikuwa watu waliozika ndugu zao kwa njaa.

Vitabu vya kutisha vina historia yao pia. Wataalamu wengi huihesabu riwaya ya The Castle of Otranto, iliyochapishwa na Mwingereza Horace Walpole mwishoni mwa mwaka 1764, kuwa ya kwanza ya aina hiyo. Mwandishi alijificha. Alidai kuwa kitabu kimefasiriwa kutoka mswada wa kale wa Kitaliano, na ni katika chapa ya pili ya mwaka 1765 alipokiri kuwa ni chake. Humo, mwana wa mtawala anapondwa na kofia kubwa ya chuma iliyoanguka kutoka juu, siku ile ile ya harusi yake. Kichekesho, labda. Lakini ukisoma mpaka mwisho utaona kwamba mtawala yule anaketi katika ngome ambayo babu yake aliipata kwa kumwua mwenyewe. Chini ya kofia lile pana woga wa kweli, woga wa mwenye kula mali ya dhuluma.

Baada ya hapo vitabu vya namna hiyo vilifurika Uingereza, na swali la kuchagua likazuka. Jane Austen alilifanyia mzaha katika Northanger Abbey, riwaya iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1817, miezi michache baada ya kifo chake. Humo msichana mmoja anampa rafiki yake Catherine orodha ya riwaya saba za kutisha. Kwa muda mrefu wasomaji walidhani majina yale saba yametungwa kwa dhihaka, hata katika karne ya 20 ikathibitishwa kuwa vitabu vyote saba vilikuwapo. Catherine alivisoma vitabu vya namna hiyo hata akili ikamruka: alipoalikwa katika jumba la kale akamshuku mwenye jumba, Jenerali Tilney, kuwa amemwua mkewe. Dhana yake ilikuwa ya uongo, akatahayari. Hata hivyo mzee yule alipogundua kwamba msichana si tajiri kama alivyodhani, alimfukuza alfajiri, akasafiri safari ndefu peke yake. Austen ametufunza mambo mawili kwa pamoja: kwamba kitabu kibaya chaweza kumfanya msomaji amwonee jirani yake, na kwamba ukatili upo duniani, ila aghalabu hauji katika sura tuliyoitazamia.

Kitabu kilichopita vyote kwa umaarufu kilizaliwa mwaka 1816. Mwaka uliotangulia, mwezi wa Aprili, mlima wa Tambora huko Indonesia ulilipuka, na vumbi lake likaipoza hewa ya dunia hata Ulaya ikakosa majira ya joto. Kando ya ziwa la Geneva, nchini Uswisi, Waingereza kadhaa walifungiwa ndani na mvua. Wakasoma kwa sauti kitabu cha hadithi za mizuka kilichofasiriwa kutoka Kijerumani kwenda Kifaransa, kisha mshairi Byron akapendekeza kila mmoja atunge yake. Miongoni mwao alikuwapo Mary, msichana wa miaka 18, aliyekuja kujulikana kama Mary Shelley. Riwaya yake, Frankenstein, ilichapishwa mwaka 1818 bila jina la mwandishi.

Wengi hulitaja jina hilo kana kwamba ni la zimwi. La hasha. Frankenstein ni yule mwanafunzi wa sayansi aliyeunda kiumbe kutokana na viungo vya maiti, kisha kilipofumbua macho akakikimbia. Woga huu Mary aliutoa wapi? Mama yake alifariki siku chache tu baada ya kumzaa, mwaka 1797. Mwaka 1815 yeye mwenyewe alizaa mtoto kabla ya wakati, na mtoto akafa. Katika shajara yake aliandika kwamba aliota mtoto amefufuka, kwamba alikuwa amepatwa na baridi tu, wakamsugua karibu na moto akaishi. Mwenye kujua hayo hawezi tena kukisoma kitabu kile kama mchezo wa kutishana. Ni kilio cha mama aliyetamani kuwaamsha wafu.

Lipo na jambo jingine ambalo sisi walimu wa lugha tungelitilia maanani. Kiumbe kile kilijifunza kusema kwa kujificha karibu na nyumba ya maskini na kusikiliza, kupitia ufa wa ukuta, masomo ya lugha aliyopewa mgeni mmoja wa kike. Usiku kilikuwa kikiwakusanyia kuni wenye nyumba bila wao kujua ni nani. Siku kilipojitokeza, mzee kipofu alikipokea kwa upole, lakini mwanawe wa kiume mwenye macho alikipiga. Baadaye kilimwokoa msichana aliyekuwa akizama mtoni, kikalipwa risasi. Ukatili ulianza hapo. Mwandishi anatuambia waziwazi kwamba zimwi hili lilifanywa na watu walioogopa uso wake.

Mwandishi wa Dracula, Bram Stoker, alizaliwa Dublin mwaka 1847, katika miaka ile ile ya njaa kuu. Alikuwa mtoto mgonjwa, na mama yake, Charlotte, alimsimulia habari za kipindupindu kilichoupiga mji wa Sligo mwaka 1832 wakati yeye alipokuwa msichana: jinsi majirani walivyokufa, na jinsi wengine walivyodhaniwa wamekufa kumbe wangali hai. Haishangazi kwamba mtoto huyo, alipokua, alitoa mwaka 1897 riwaya ya maiti asiyelala kaburini na ugonjwa unaopita kwa damu kutoka mtu hadi mtu. Lakini hapa pana tahadhari. Mnyonya damu wa Stoker ni mgeni atokaye mashariki, aliyenunua nyumba London ili awadhuru wenyeji. Mary Shelley alimtetea mgeni mwenye sura ya kutisha, naye Stoker akawapa wasomaji wake sababu ya kumwogopa. Vitabu vyote viwili vyatisha, wala havifunzi jambo moja.

Na sisi tuna haki ya kuwa wakali katika jambo hili, maana hadithi ya mnyonya damu si ngeni kwetu. Tangu enzi za ukoloni watu wa Kenya, Uganda na Tanganyika walisimuliana habari za mumiani na za wazimamoto waliosemekana kuwakamata watu usiku na kuwatoa damu, na huko Kongo ya Wabelgiji palikuwa na masimulizi yaliyofanana nayo. Mwanahistoria Luise White aliyakusanya mengi katika kitabu chake Speaking with Vampires cha mwaka 2000, akaonyesha kwamba ndani ya uvumi huo watu walikuwa wakizungumzia mambo halisi: kazi, hospitali, polisi, na serikali iliyochukua bila kueleza inachukua kwa nini. Woga ulikuwa na maana. Hata hivyo woga huo huo, usipopimwa, umewahi kumwangukia mpita njia asiye na kosa. Tunajua pia kwamba katika baadhi ya sehemu za Afrika Mashariki vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Pale woga unapomnyooshea mtu kidole, si hadithi tena.

Kwa bahati njema fasihi yetu imekwisha kutuonyesha njia. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alipochapisha Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, jina la kitabu lilitosha kumtia mtu baridi. Pana maiti mahali pa mzimu, na pana watu walio tayari kuamini kwamba mzimu ndio ulioua. Lakini Bwana Msa anakuja na kiko chake, anauliza, anapima, anatenganisha lililoonekana na lililodhaniwa, na mwishowe muuaji anadhihirika kuwa ni binadamu. Msomaji hunyang'anywa woga mmoja akapewa mwingine ulio wa kweli zaidi.

Kutokana na historia hii naona maswali matatu yanayoweza kumfaa mwalimu mwenye sanduku la vitabu mbele yake. La kwanza: chini ya mizuka na damu, kitabu hiki kinaomboleza nini? Kama hakuna msiba wowote wa kweli ndani yake, hakitamdhuru mwanafunzi labda, lakini pia hakitamwachia kitu. La pili: kinamnyooshea nani kidole? Kama kinawafunza vijana kumwogopa kikongwe, kilema, au mgeni, ama tukiweke kando, ama tukisome pamoja nao tukilieleza kosa lake. La tatu: je, kinaipa akili nafasi ya kufanya kazi, au kinaizima taa tu?

Kwa wadogo wenye kujua Kiingereza, mfano mmoja mwema ni The Halloween Tree cha Mmarekani Ray Bradbury, kilichotoka mwaka 1972. Wavulana wanane wanamtafuta rafiki yao Pipkin aliye mgonjwa, na katika safari hiyo wanapitishwa Misri ya kale, Uingereza, Ufaransa na Meksiko, waone jinsi kila watu walivyowakumbuka wafu wao. Mwisho wake, ili Pipkin apone, kila mmoja anakubali kutoa mwaka mmoja wa maisha yake. Kitabu hicho kinawakumbusha Wamarekani wenyewe jambo walilokaribia kulisahau, kwamba chini ya boga na peremende pana kaburi, na kwamba desturi ile ilianza kwa kuwakumbuka waliolala humo.

Ndugu walimu, watoto wetu hawakungoja vitabu kutoka ng'ambo ndipo wajue kuogopa. Wengi wao wamekwisha kuzika mzazi au ndugu, na wengine wamekimbia makwao usiku. Mtoto wa namna hiyo anapoomba kitabu cha kutisha, huenda anatafuta mahali pa kuutazama woga wake akiwa salama, pamoja na mtu mzima aliye karibu. Tukimnyima vyote tutakuwa tumemwacha peke yake na woga huo, na tukimpa chochote tutakuwa tumemwongezea mwingine. Kazi yetu ni kukisoma kitabu kwanza, kisha kumpa, na kubaki karibu wakati anapokifungua.