Risasi, Kalibu na Shaba: Historia ya Kitu na Majina Yake katika Kongo ya Mashariki

1. Utangulizi

Mkazi wa Goma asikiapo milio ya bunduki usiku husema kwamba ni «masasi». Msemaji wa Unguja au wa Mombasa angesema «risasi». Tofauti hiyo yaweza kudhaniwa kuwa ni ya matamshi tu, lakini ndani yake mna historia ndefu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba majina ya kitu hiki yamehifadhi jambo ambalo kitu chenyewe kimekwisha kulipoteza: kumbukumbu ya zama ambapo risasi ilitengenezwa nyumbani kwa fundi, kwa moto na kalibu, kabla ufundi huo haujaondolewa mikononi mwa watu wa huku.

2. Maneno yaliyokuja na misafara

Neno «risasi» lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza si kitu cha kupigia, bali ni madini: yale mazito, laini, yayeyukayo upesi motoni. Kiswahili sanifu kingali na maana zote mbili. «Bunduki» nayo ilitokana na neno la Kiarabu «bunduq», lililotaja kokwa na kisha kitufe cha kurushwa. Maneno haya, pamoja na «baruti» na «fataki», yaliingia bara katika karne ya 19 kwa njia ya misafara iliyotoka pwani, ikapita Tabora na Ujiji, ikafika Nyangwe na Kasongo katika Maniema.

Huko bara neno «risasi» lilipatwa na mageuzi ya sarufi. Wasemaji wa lugha za Kibantu walisikia silabi ya kwanza kana kwamba ni kiambishi cha ngeli, ndipo wakapata umoja «lisasi» na wingi «masasi». Ni kanuni ile ile iliyofanya neno la Kiarabu «kitabu» lipate wingi «vitabu». Umbo hilo limeenea hata katika Lingala.

Neno la tano lastahili kuangaliwa zaidi, nalo ni «kalibu», yaani chombo cha kusubia madini. Asili yake ni Kiarabu «qālib». Wanaisimu wengi wanakubali kwamba neno hilo hilo, kwa kupitia Kiitalia, ndilo lililozaa neno la Kifaransa linalotaja upana wa mtutu wa bunduki. Kwa hiyo mwindaji wa Kongo anaposema «kalibre 12» anatamka ndugu wa «kalibu». Mmoja alikuja kwa jahazi na msafara; mwingine alikuja na Wabelgiji.

3. Fundi na kalibu

Bunduki ya misafara ilikuwa gobori, yaani ile ya kushindiliwa kwa mdomo. Mtutu wake ulikuwa laini kwa ndani, na risasi yake ilikuwa tufe tu. Haikuhitaji kipimo kamili. Kitambaa au nyuzi ziliziba nafasi iliyobaki. Kwa sababu hiyo mtu yeyote mwenye moto, kalibu na kipande cha madini aliweza kujitengenezea. Palipokosekana risasi, mafundi walitumia chuma au shaba.

Mfano mkubwa ni Katanga. Msiri, mwenye asili ya Wasumbwa wa Unyamwezi, alijenga dola yake ya Garenganze, makao makuu yakiwa Bunkeya. Mafundi wake Wayeke waliyeyusha shaba, wakaisuba, wakaivuta baridi katika matundu membamba ya chuma mpaka ikawa waya wa bangili. Shaba hiyo ilitumika pia badala ya risasi katika magobori. Basi utawala wa Msiri haukukosa cha kurusha. Ulichotegemea kutoka nje ni baruti na bunduki zenyewe. Mwaka 1891 baruti ilipokuwa haba, shaba yote ya Katanga haikumfaa. Tarehe 20 Desemba mwaka huo Msiri aliuawa kwa bunduki na Kapteni Omer Bodson wa msafara wa Stairs.

4. Risasi iliyovikwa shaba

Miaka ile ile Ulaya ilikuwa imegeuza kitu chenyewe. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi, yenye nguvu kuliko ile nyeusi. Mwendo wake ulikuwa mkali mno kwa madini laini: risasi tupu ilichunika katika mifereji ya mtutu na kuuchafua. Dawa ilikuwa kuivika vazi la madini magumu zaidi, jambo lililokuwa likishughulikiwa na Mswisi Eduard Rubin. Bunduki ya Lebel ya mwaka 1886 ndiyo iliyoanza kutumia mambo hayo mawili katika jeshi zima.

Utengenezaji wake ni kinyume cha kazi ya moto. Kikombe chembamba cha shaba iliyochanganywa hutiwa kiini cha risasi, kisha vyote viwili hushindiliwa vikiwa baridi ndani ya kalibu la chuma kigumu mpaka vishikamane na kupata umbo moja. Ufundi huu ni jamaa wa ule wa Wayeke, kwani pande zote mbili shaba baridi hulazimishwa kufuata njia ya chuma. Tofauti ni kipimo: hapa kosa dogo kuliko unene wa unywele huharibu shabaha.

Tofauti hiyo ya ufundi ikafanywa kuwa sheria. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890, uliotiwa sahihi kwa jina la kuzuia biashara ya watumwa, ulipiga marufuku kuingiza silaha za kisasa na risasi zake kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini mwa Ikweta. Waafrika waliachiwa gobori lisilo na mifereji na baruti ya biashara, tena kwa kibali cha serikali. Tangu hapo kalibu la fundi halikukatazwa, lilipitwa tu.

5. Nani aweza kuunda?

Vita vya 1914–1918 vilidhihirisha jambo hili hata kwa Wazungu wenyewe. Askari wengi wa Wajerumani walianza vita wakiwa na bunduki za mwaka 1871, ambazo moshi wake uliwafichua. Mwezi Aprili 1915 meli Rubens ilizama katika ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga. Risasi zilizoopolewa zilifunguliwa, baruti ikakaushwa, kisha zikaunganishwa upya kwa mkono. Kazi hiyo ilikuwa kubwa, lakini vazi la shaba na kalibu lake vilibaki Ulaya.

Uundaji wa nyumbani ulirudi kwingine. Mwaka 1943, risasi zilipoadimika Marekani kwa sababu ya vita, Fred Huntington wa Oroville, California, aliuza makalibu yaliyowawezesha wawindaji kugeuza maganda matupu ya risasi ndogo kuwa mavazi ya risasi mpya. Huko ikawa burudani ya watu binafsi. Katika Afrika ya Kati, Mkataba wa Kinshasa wa mwaka 2010 unadhibiti silaha ndogo, risasi zake na hata vipuri viwezavyo kuziunda.

6. Hitimisho

Goma ilitekwa mwaka 1996, ikatekwa tena 2012 na 2025. Risasi zilizotumika katika vita hivyo hazikutoka katika kalibu la fundi yeyote wa Kivu. Ile ya bunduki aina ya Kalashnikov, kwa kawaida, ina kiini cha chuma na vazi la chuma lililopakwa shaba. Madini ya risasi ni utando mwembamba katikati. Jina limebaki, madini yamekaribia kutoweka.

Hapo ndipo isimu inapoisaidia historia. «Masasi» ni neno lililofanywa kuwa la wenyeji kwa kanuni za lugha zao wenyewe. Kitu kinachotajwa nalo hakikupata kuwa chao. Nchi iliyotoa shaba kwa dunia nzima hurudishiwa sehemu ya shaba ya dunia ikiwa vazi jembamba juu ya chuma, na wanaoipokea ni wakazi wa mitaa ambao hawakuiagiza.