Mfalme wa Mombasa mwenye majina mawili

Yusuf bin Hasan alikuwa rika letu alipoiteka Fort Jesus, miaka ishirini na kitu hivi. Shuleni nilimsikia kwa sentensi moja tu: mfalme aliyeasi Wareno, haya, ukurasa unaofuata. Jamaa zangu, hapo kuna stori imerukwa.

Ukoo wao ulitoka Malindi. Wareno walipoanza kujenga ngome mwaka 1593, walimweka babu yake, Ahmad, awe mfalme wa Mombasa, manake Malindi walikuwa marafiki zao wa zamani. Urafiki gani huo! Hasan, mwana wa Ahmad, alikosana na kapteni wa ngome akakimbilia bara, na huko mwaka 1614 akauawa kwa hongo ya Wareno. Kichwa chake kikapelekwa Goa, kule India.

Na mtoto naye akapelekwa Goa hiyo hiyo. Hebu fikiria. Akalelewa na mapadri wa Kiagostino, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia, halafu mwaka 1626 akarudishwa Mombasa kukalia kiti cha babake. Ana jina lao, ana dini yao, na bado makapteni wanamdharau.

Kisha akaonekana kwenye kaburi la babake akimwombea Kiislamu, na habari zikamfikia kapteni, Pedro Leitão de Gamboa. Yusuf akawahi yeye. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akarudia jina lake na dini yake.

Wengi hukatia video hapo. Lakini waliouawa siku zile hawakuwa wanajeshi peke yao. Kulikuwa na wanawake, watoto, na Waafrika waliokataa kuacha Ukristo. Ndiyo maana mimi neno shujaa silitoi haraka hivyo, ingawa hasira yake naielewa kabisa.

Mwaka 1632 zikaja meli kutoka Goa, zikashindwa kuikomboa ngome. Yusuf hakungoja za pili. Alipanda meli aliyoteka, akaihama Mombasa, akawa anawasumbua Wareno baharini mpaka akafa Jeddah mwaka 1638. Wao wakarudi kwenye ngome iliyoachwa wazi.

Juu ya lango kuna jiwe la mwaka 1635. Limeandikwa jina la kapteni mpya, Francisco de Seixas de Cabreira, na umri wake, miaka 27, na miji aliyoitoza kodi. Yusuf yumo pia, ila bila jina. Ameitwa mfalme dhalimu, basi. Ukienda wikendi, inua macho kidogo kabla hujaingia.