Take, Neno la Waporaji

Kama umesomea Kenya, take ni kati ya vitenzi vya kwanza kabisa ulivyofunzwa kwa Kiingereza, na hakuna mwalimu aliyewahi kukieleza kikaisha. Unaambiwa ni kuchukua. Halafu unakunywa chai, ni take. Unapanda matatu, take. Unameza dawa, unafanya mtihani, unakula kiapo, unapiga picha: take, take, take.

Mimi hutafsiri kazi ndogo ndogo za watu ili nilipe nyumba, na wateja hulipa kwa idadi ya maneno. Photosynthesis na take zina bei moja. Ya kwanza ninaipata kwenye kamusi, usanidinuru, nimemaliza. Take inaweza kunila dakika kumi, kwa sababu lazima kwanza nijue nani anachukua nini, na kama kweli kuna kitu kinachochukuliwa.

Sasa, neno lenyewe hata si la Waingereza. Wao walikuwa na lao la zamani, niman, ndugu ya nehmen ya Kijerumani. Kisha mwaka 865 jeshi kubwa la Waviking likatua mashariki mwa Uingereza, na safari hii halikupora tu na kurudi makwao. Wengi walibaki, wakalima, wakaoa. Katika lugha yao kushika au kuchukua kulikuwa taka. (Ndiyo, taka. Kwetu ni kuhitaji, au ni uchafu wa kumwagwa.) Karne kadhaa baadaye niman ilikuwa imezikwa. Masalio yake ni maneno kama numb, ganzi, ambayo zamani ilimaanisha kiungo kilichochukuliwa. Yaani hata neno la kuchukua lilichukuliwa na watu waliokuja kuchukua.

Kitenzi cha aina hii huanza mkononi. Unashika jiwe. Baadaye unashika mji, unashika ugonjwa, unashika maana ya jambo, na polepole mkono wenyewe unasahaulika. Kinachobaki ni mkokoteni: pakia nomino yoyote, itabebwa.

Mtu aliyeamua kuuhesabu mzigo huo ni Samuel Johnson. Alizaliwa Lichfield mwaka 1709, mtoto wa muuza vitabu mwenye madeni. Mwaka 1728 aliingia Pembroke College, Oxford. Baada ya miezi kama 13 hivi pesa ikaisha, akatoka bila digrii. Nampendelea, sitaficha. Mimi pia niliacha chuo kwa sababu ya karo, na ukurasa huo wa maisha yake huwa nausoma polepole.

Mwaka 1746 wauza vitabu wa London walimpa kandarasi ya pauni 1,575 atunge kamusi, na katika hizo awalipe wasaidizi wake sita mwenyewe. Aliahidi miaka mitatu. Kamusi ilitoka 1755. Yeyote aliyewahi kufanya kazi ya kandarasi anaielewa hesabu hiyo.

Katika dibaji yake Johnson halalamiki sana kuhusu maneno magumu. Analalamikia vitenzi vya kawaida, kama come, get, put, run na take, kwa sababu maana zao hutawanyika hadi huoni moja ilipoishia na nyingine ilipoanzia. Take aliipa maana 134 na kurasa tano hivi.

Lakini mtu wa maana 134 alionekana hajakamilika. Marafiki zake walihangaika hadi Oxford ikampa digrii ya heshima, mapema 1755, ili jina lake kwenye ukurasa wa kwanza lifuatwe na herufi mbili: A.M. Kazi ilikuwa imeshafanywa. Herufi ziliongeza nini? Swali hili silioni la zamani. Kuna mhariri mmoja aliyewahi kuipenda makala yangu hadi alipouliza nimehitimu wapi.

James Murray, mhariri mkuu wa kamusi kubwa ya Oxford kuanzia 1879, aliacha shule akiwa na miaka 14, ingawa baadaye alijipatia digrii ya London huku akifanya kazi. Aliomba wasomaji wa kawaida wamtumie mifano ya maneno kwenye vikaratasi. Wakatuma maneno ya ajabu tu. Abusion, ambalo huenda hujawahi kulisikia, lilikuwa na vikaratasi kama 50. Abuse, ambalo kila mtu analitumia, havikufika vitano. Hakuna anayeona neno lililo mdomoni mwake. Oxford ilimpa udaktari wa heshima mwaka 1914. Mwaka uliofuata akafa.

Baadaye take ilipitwa. Katika toleo la 1989 bingwa alikuwa set, maana kama 430. Kisha Peter Gilliver, mhariri wa kamusi hiyohiyo, akakaa na run kwa miezi kama tisa, akatoka na maana 645 za kitenzi peke yake. Mashine zilichangia: treni, injini, programu, vyote vina-run.

Sisi tuna piga. Unapiga pasi, mswaki, hodi, kura, magoti, nduru, simu, stori, luku. Frederick Johnson, Johnson mwingine kabisa, aliiorodhesha misemo mingi ya piga katika kamusi yake ya 1939, na luku haimo, kwa sababu waliolizaa neno hilo hawakuwa wamezaliwa. Mimi nina orodha kwenye simu. Naongeza nikiwa kwa matatu, kwa kinyozi, popote. Iliyonisumbua zaidi wiki hii ni kupigwa kalamu, yaani kufutwa kazi. Nadhani kalamu ni ile ya kutia sahihi barua ya kukufukuza, lakini jirani yangu, aliyepigwa moja mwezi uliopita, anashikilia kuwa ni ile ya kukata jina lako kwenye orodha ya mishahara. Nimeziandika zote mbili.