Nasaba, Vinasaba na Historia ya Watu wa Visiwani

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza istilahi tatu ambazo wafasiri na walimu hukutana nazo kila waandikapo juu ya watu wa kale wa visiwa vyetu, nazo ni vinasaba, uhamaji na mchanganyiko. Istilahi hizi zimeenea pamoja na elimu mpya ya kusoma urithi wa miili ya watu wa kale kutokana na mifupa yao. Tangu mwaka 2017 elimu hiyo imetoa habari kubwa juu ya historia ya pwani. Lakini habari hizo zikielezwa kwa maneno yasiyopambanuliwa, mwanafunzi ataamini jambo ambalo mifupa haikulisema.

Elimu yenyewe

Katika seli za mwili mna kitu kinachobeba urithi, ambacho wataalamu wa dunia nzima hukiita DNA. Kwa jumla mtu hupata nusu ya urithi huo kwa baba na nusu kwa mama. Hata hivyo, sehemu iliyomo katika mitokondria hutoka kwa mama peke yake, na kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume tu. Kwa hiyo mtaalamu aweza kueleza mbalimbali habari za kuumeni na za kukeni. Joto na unyevu wa nchi zetu huiharibu DNA upesi, ila mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani aghalabu huihifadhi kuliko mifupa mingine.

Ushahidi wa visiwani

Mwaka 2017 zilitangazwa habari za mifupa kutoka Pango la Kuumbi, Unguja, na Pango la Makangale, Pemba. Watu hao, walioishi yapata miaka 1,400 iliyopita, walikuwa wa jamii ya kale ya wawindaji na waokota matunda wa Afrika Mashariki, wala haikuonekana kwao alama ya wakulima wenye asili ya Afrika Magharibi, ambao huhusishwa na kuenea kwa lugha za Kibantu. Lakini mtu mwingine wa Pemba, aliyeishi miaka ipatayo 600 iliyopita, alikuwa na urithi wa wakulima hao. Hivyo, katika muda wa karne nane, kisiwa kimoja kilikaliwa na watu wa asili mbili zilizo mbali.

Mwezi Machi mwaka 2023 zikafuata habari za watu 80. Wengi walizikwa kati ya mwaka 1250 na 1800 katika miji ya Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa, Songo Mnara na Lindi, na wengine walitoka Makwasinyi, mji wa bara nchini Kenya. Ilidhihirika kwamba kwa wengi wa watu wa pwani zaidi ya nusu ya urithi wao ulikuwa wa Kiafrika, nao ulitoka hasa kwa wanawake. Sehemu kubwa ya urithi uliobaki ilitoka Asia, hasa kwa wanaume wa Uajemi, na kidogo kutoka Bara Hindi. Watu wa pande hizi mbili walianza kuoana yapata mwaka 1000. Baada ya mwaka 1500 hivi, urithi ulioingia kutoka Asia ulitoka zaidi Uarabuni.

Habari hizi zimegusa jeraha la zamani. Wakati wa ukoloni iliandikwa mara kwa mara kwamba miji ya mawe ilijengwa na wageni, na mwenyeji hakuwa na sehemu ila ya utumishi. Baada ya uhuru wasomi wengi waliikanusha hoja hiyo, na baadhi yao wakaona kwamba masimulizi ya Washirazi ni majivuno matupu. Sasa mifupa inaonyesha kwamba Waajemi walikuja kweli, na kwamba kina mama wa Kiafrika ndio waliokuwa shina la miji hiyo. Lakini makaburi mengi yaliyochunguzwa yalikuwa ya watu wenye hadhi, karibu na misikiti. Basi mifupa hiyo haiwezi kumsemea kila mkaazi wa mji.

Vinasaba na nasaba

Neno vinasaba limekubalika nchini. Sheria ya mwaka 2009 inayosimamia jambo hili inatumia jina vinasaba vya binadamu. Neno limeundwa vizuri: nasaba ni mfuatano wa wazazi na wazazi wao, na kiambishi kinatupa picha ya vitu vidogo vibebavyo mfuatano huo.

Tatizo linazuka katika kivumishi. Tukisema "ushahidi wa kinasaba", msomaji hawezi kujua kama tunataja kitu kilichosomwa maabara au orodha ya mababu. Katika historia ya pwani hili si jambo dogo, kwa kuwa tunao ushahidi wa namna zote mbili. Habari za Kilwa, zilizoandikwa kwa Kiarabu na kuchapishwa kwa Kireno na João de Barros mwaka 1552, zinasimulia juu ya mwana wa mfalme wa Shirazi aliyekuja Kilwa na kuanzisha utawala. Huo ni ushahidi wa nasaba: unataja majina na haki ya kutawala, nao unafuata upande wa kuumeni. Mifupa ya Kilwa ni ushahidi wa vinasaba: haina jina la mtu, haijui haki ya kutawala, na imemrudisha katika historia mama ambaye orodha ya wafalme ilimwacha.

Tena vinasaba si lugha. Katika visiwa vya Vanuatu, bahari ya Pasifiki, wakaazi wa kwanza walifika yapata miaka 3,000 iliyopita, wakiwa na asili ya Asia Mashariki. Baadaye walikuja watu wenye asili ya Papua, na urithi wa hao wa pili ukawa ndio mkubwa zaidi. Lakini lugha za visiwa hivyo zimebaki katika jamii ya lugha za wale wa kwanza. Kwetu pia, wazazi wa kiume kutoka Uajemi hawakukigeuza Kiswahili kuwa Kiajemi. Sarufi yake ni ya Kibantu, nayo ndiyo waliyoirithi watoto wa ndoa hizo.

Uhamaji na uhamiaji

Kuhama ni kuondoka mahali. Kuhamia ni kufika mahali na kukaa. Uhamiaji tumekwisha kuupa kazi ya kiserikali, yaani mambo ya mipaka, vibali na pasi za kusafiria. Mwalimu wa Kakese, katika Wilaya ya Mpanda, hahitaji kuelezwa tofauti hii. Mkoa wake wa Katavi umepokea wafugaji waliohama na ng'ombe wao kutoka Usukuma. Umepokea pia, huko Katumba na Mishamo, wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, ambao katika makazi yao yote zaidi ya 160,000 walipata uraia mwaka 2014. Mfugaji, mkimbizi na raia mpya wote walihama, lakini kila mmoja ana jina lake na sababu yake. Vinasaba vingeonyesha tu kwamba wazazi wao walitoka mahali tofauti. Kwa hiyo tukisoma kwamba watu walifika Pemba, tuseme uhamaji, wala tusiongeze uvamizi, ukimbizi wala ukoloni bila ushahidi mwingine.

Mchanganyiko

Baadhi ya wafasiri huandika kwamba watu wa Mtwapa au Manda walikuwa machotara. Neno hilo lina historia yake ya kubagua na kudharau, na tena humfanya mtu aonekane nusu ya kitu kingine. Mchanganyiko wa asili latosha, nalo litajwe kuwa sifa ya urithi, si jina la watu.

Mapendekezo

Tunapendekeza mambo manne. Kwanza, tuandike "ushahidi wa vinasaba" kwa habari za maabara, na "ushahidi wa nasaba" kwa masimulizi na orodha za mababu, tukiepuka "wa kinasaba" mahali penye shaka. Pili, uhamaji uwe istilahi ya historia, na uhamiaji ubaki katika shughuli za serikali. Tatu, chotara lisitumiwe katika vitabu vya shule. Nne, neno asili lifuatwe daima na maelezo: asili ya urithi, asili ya lugha, au asili ya utawala. Mtoto wa Kakese, aliye mbali na bahari, atayajua mambo ya Kilwa kwa maneno tutakayomwandikia. Tusimpe neno moja kwa mambo matatu.