Majina ya Mama katika Historia ya Rwenzururu

Kasese, magharibi mwa Uganda, husimulia historia ya Rwenzururu, ufalme wa Wakonzo wa milima ya Rwenzori, kama utenzi wa wanaume. Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya wananyongwa mwaka 1921 kwa kuasi utawala wa Waingereza. Isaya Mukirane, mwalimu wa shule ya msingi, anaunda chama cha kukusanya historia ya Wakonzo katika miaka ya 1950, kisha mwaka 1962 analisusia baraza la Toro, ufalme uliowatawala Wakonzo, pamoja na wenzake, na Juni 30 Rwenzururu inatangazwa kuwa huru. Anafariki mwaka 1966, mwanawe Charles Wesley Mumbere anarithi kiti cha ufalme angali mvulana, na mapambano yanaendelea mlimani hadi 1982. Simulizi hilo limebeba dai kwamba watu wa mlima hawafanani na wengine. Dai lenyewe lilikuwa na haki yake: watoto wa Kikonzo walisomeshwa kwa Kitoro, na mtu aliyedharauliwa kwa lugha yake hana budi kutamka yeye ni nani. Kosa ni kuutafuta upekee huo kwenye mikuki, maana mikuki kila taifa linayo.

Upekee umo kwenye majina. Mumbere ni mtoto wa kwanza wa kiume, Masika binti wa kwanza, Biira wa pili, na Muhindo ni yule anayezaliwa pale mfululizo wa wavulana au wasichana unapokatika. Hesabu hiyo hufuata tumbo la mama, hata mume mwenye wake wawili akawa na kina Masika wawili nyumbani. Kwa hiyo jina la mfalme, kabla ya kusema lolote kuhusu ufalme, linasema habari ya uzazi wa mwanamke.

Atakayepinga atasema jina ni hesabu tu, na kwamba vita havikuongozwa na akina mama. Ni kweli hawakuviongoza. Lakini Rwenzururu ilikuwa na kodi zake na shule zake huko juu kwa takriban miaka 20, na serikali ya namna hiyo hula muhogo na maharage kutoka miteremko ambako jembe, kwa sehemu kubwa, liko mkononi mwa mwanamke. Utenzi wa vita unaowakumbuka wanawake tunao mfano wake kwa Homer, ingawa mwingine atauliza Ugiriki ya kale inatuhusu nini. Inatuhusu kwa sababu Homer naye aliwaimba mashujaa wa kiume, na hakuwa mtetezi wa wanawake: Hector anamwambia mkewe Andromache arudi kwenye kitanda chake cha kufumia, na Telemachus anampandisha mama yake Penelope chumbani kwa maneno kama hayo. Hata hivyo Iliad haimalizikii kwa Achilles. Maiti ya Hector inaporudishwa Troy, wanaoongoza maombolezo ni wanawake watatu, Andromache, Hecuba na Helen. Andromache hajivunii ushindi wowote. Anataja mtoto wake atakayeuawa au kuchukuliwa utumwani, na mume ambaye hakufia kitandani akamwachia neno la mwisho la kukumbuka. Mshairi alijua kwamba gharama ya vita hujulikana kwa wanaobaki.

Wakonzo nao wana nyimbo za uasi wao. Mwanaanthropolojia Kirsten Alnaes alichapisha uchambuzi wa nyimbo hizo mwaka 1969. Kinachokosekana ni kitabu cha maombolezo. Novemba 2016 majeshi ya serikali ya Uganda yalivamia ikulu ya mfalme Mumbere huko Kasese na watu zaidi ya 100 wakauawa. Tangu hapo tumesoma sana kuhusu kesi aliyofunguliwa mfalme baada ya uvamizi huo na kurejea kwake Kasese mwaka 2023. Wajane wa siku zile wametajwa kwa idadi, mara chache sana kwa majina, ilhali ni watu wa kabila ambalo jina moja tu hueleza mtu alizaliwa wa ngapi kwa mama yake. Huko Bwera, kwenye mpaka wa Mpondwe uliochorwa na wakoloni katikati ya watu wamoja, Masika wa Uganda akivuka kwenda Kasindi kuuza maharage, mteja wake wa Kongo akilisikia jina hilo hujua papo hapo kwamba aliyesimama mbele yake ndiye binti wa kwanza wa mama yake.