"Ugonjwa wa wazungu": nani alituambia hivyo?

Wasee, nikisikia mtu akisema depresheni ni ugonjwa wa wazungu, mimi humkumbuka daktari mmoja wa kikoloni aliyeiandika fikira kama hiyo kuwa sayansi, akitumia wagonjwa wa hapa hapa Nairobi.

Anaitwa John Colin Carothers. Alizaliwa Afrika Kusini, akaja Kenya 1929 kama daktari wa kawaida wa serikali. 1938 akapewa hospitali ya Mathari aisimamie, na wakati huo hata hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Diploma aliipata miaka kadhaa baadaye.

Huko Mathari alihesabu Waafrika waliolazwa, akaona wenye depresheni ni wachache mno. Basi akaamua kwamba Mwafrika ni nadra kuugua hivyo. Lakini hebu fikiria, enzi hizo nani alikuwa anafikishwa Mathari? Ni yule aliyezua fujo hadi wakubwa wakaitwa. Mama aliyekuwa hali, halali, analia kimya kimya usiku kule kijijini, nani angempeleka? Alibaki nyumbani, na kwenye hesabu hayupo.

1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake, The African Mind in Health and Disease. Humo alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikatoa kingine chake, The Psychology of Mau Mau. Hasira ya watu walionyang'anywa mashamba ikageuzwa kuwa shida ya akili zao! Hapo ndipo naona hatari ya daktari anayepima watu ambao hajawahi kuwasikiliza.

Jibu lilitoka Nigeria. Daktari Thomas Adeoye Lambo wa hospitali ya Aro, pamoja na Mmarekani Alexander Leighton, waliwafuata Wayoruba vijijini na kuwauliza maswali. Matokeo yao ya 1963 yalionyesha dalili za depresheni zipo, tena si chache. Baadaye Lambo akawa naibu mkurugenzi mkuu wa shirika lile lile lililochapisha Carothers.

Kwa hivyo rafiki yako akikuambia amechoka na maisha, usimjibu kwa hesabu ya Mathari ya wakoloni. Kaa chini umsikilize, kisha msindikize kwa daktari.