Chemchemi ya Zubayda: Maji ni Amana

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, ambaye kwa maji amevihuisha vilivyo hai. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Enyi Waislamu, leo tuitazame historia ya maji, kwani ndani yake mna somo linaloihusu kila nyumba. Wengi wetu hudhani kwamba kazi ya maji humalizika siku kisima kinapofunguliwa. Historia yatufundisha kinyume chake: siku ile ndipo kazi inapoanza.

Mtume (S.A.W.) na Muhajirina walipohamia Madina mwaka 622, kisima cha Ruma kilisifika kwa maji matamu, lakini mwenyewe akiyauza, na maskini hana cha kulipa. Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.) akakinunua kwa maelfu ya dirhamu, akakitoa wakfu. Tangu siku hiyo ndoo yake yeye, tajiri, ikawa sawa na ndoo ya fukara. Huu ndio msingi wa kwanza: maji ya watu hayana mkubwa wala mdogo.

Msingi wa pili tunaupata Makka. Mwishoni mwa karne ya 2 ya Hijria, mahujaji walikuwa wakiteseka kwa kiu, na kiriba kimoja cha maji kikiuzwa kwa bei kubwa mno. Bibi Zubayda, mkewe Khalifa Harun al-Rashid aliyetawala Baghdad kuanzia mwaka 786 hadi 809, alihuzunishwa na hali hiyo. Akawaamuru mafundi wayatafute maji mabondeni, katika Hunayn na Nu'man, wayaelekeze Arafa na Makka kwa mifereji iliyojengwa kwa mawe. Mafundi walipomwambia kwamba majabali ni magumu na gharama ni kubwa, yasimuliwa kuwa aliwaamrisha waendelee, hata kama kila pigo la sururu litamgharimu dinari nzima. Kazi ilipokwisha wakamletea madaftari ya hesabu. Naye, wasema wasimulizi, akayatupa katika mto Tigris, akasema hesabu ile ameiacha kwa Siku ya Hesabu.

Ndugu zangu, kisa hiki twakipenda, nacho chapendeza. Lakini tukifahamu vizuri: mali ile ilikuwa yake mwenyewe. Sisi tunaoshika fedha za kisima cha kijiji au za tangi la msikiti tunashika mali ya watu. Hatuna ruhusa ya kuyatupa madaftari mtoni.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Mfereji ule haukudumu kwa sababu tu ulijengwa vyema. Mafuriko yaliuvunja, mchanga ukauziba, na kila watu walipoghafilika, maji yalikatika na kiu ikarejea Makka. Wakatokea watawala na matajiri, zama baada ya zama, wakautengeneza upya. Katika karne ya 16 maji yalipungua sana. Mihrimah, binti wa Sultani Suleiman wa Uturuki, akajitolea mali yake. Kazi iliyotarajiwa kwisha upesi ilichukua karibu miaka 10, kwa maana ilibidi mwamba mgumu ukatwe. Wakawa wakiwasha moto mkali juu ya jiwe ili lilainike, ndipo walichonge. Hatimaye maji yakaingia Makka. Leo mji ule hutegemea zaidi maji ya bahari yaliyotolewa chumvi, lakini mfereji wa Zubayda uliwanywesha watu kwa zaidi ya miaka elfu moja. Haukulindwa na mawe yake. Ulilindwa na mikono iliyoutengeneza kila ulipoharibika.

Waomani walilifahamu jambo hili zamani. Falaji zao, mifereji iletayo maji kutoka chini ya milima, zina wakili anayesimamia, na kila mwenye shamba hupata maji kwa zamu yake iliyopimwa kwa saa. Maji hutumika kwanza kwa kunywa, kisha kwa udhu na kuoga, ndipo yaende kwenye mitende. Na sehemu ya zamu hizo hunadiwa, fedha zake zikawa za matengenezo. Ndiyo maana maelfu ya falaji yangali yakitiririka hadi leo.

Na sisi je? Mwaka 1971 Tanzania ilianza mpango wa miaka 20, ili ifikapo 1991 kila mwanakijiji apate maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Visima vilichimbwa na mabomba yakalazwa. Lakini mwaka ule ulipowadia lengo halikutimia, na pampu nyingi zilikuwa zimekwisha kusimama kwa kukosa mafuta, vipuri na fundi. Kina mama wakarudi kwenye madimbwi, na ndoo kichwani.

Vilevile mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, kwa njia ya redio na vikundi vya masomo, iliwafikia watu wapatao milioni 2, vyoo vingi vikachimbwa. Hilo nalo ni ibada, kwani Mtume (S.A.W.) ametukataza kujisaidia kwenye njia za maji, barabarani na vivulini. Lakini choo kilichobomoka kisijengwe tena ni sawa na choo ambacho hakikuchimbwa. Mwaka 2022 watu bilioni 2.2 duniani walikuwa bado hawana huduma ya maji iliyo salama. Miongoni mwao ni watoto wetu.

Basi, enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mwenye kuchimba kisima na aache pia fungu la kukitengeneza. Walioteuliwa kushika fedha za maji na wasome hesabu mbele ya watu. Kijana mmoja katika kila mtaa na ajifunze kuifungua na kuifunga pampu. Na kila nyumba iweke choo chake mbali na kisima. Sadaka yenye kuendelea huendelea pale wanapokuwapo wa kuiendeleza.

Ewe Mola wetu, tunyweshe mvua ya rehema, utujaalie kuwa walinzi waaminifu wa neema zako. Amin.